PostgreSQL kwenye Docker Compose, Kubernetes au moja kwa moja kwenye seva: ipi utaimudu siku ikigoma?

Ukiuliza uendeshe hifadhidata ya PostgreSQL kwa njia gani, wengi watakuambia ipi inasakinishwa haraka. Hilo halisaidii sana. Kusakinisha ni kazi ya siku moja, ilhali hifadhidata itakaa miaka, na ndani ya miaka hiyo diski itajaa, memori itakwisha, umeme utakatika, na siku moja mtu atapandisha toleo bila kusoma maelezo. Ulinganisho huu umepangwa kwa kufuata siku hizo mbaya. Swali ni moja: mambo yakiharibika usiku wa manane, utaona nini, utagusa wapi, na ni kosa gani dogo linaloweza kugeuza hitilafu ya dakika kumi kuwa upotevu wa data?

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni Docker Compose kwenye seva moja, kwa imeji (kifurushi kinachozalisha kontena) rasmi ya `postgres`. Ya pili ni Kubernetes, yaani klasta (kundi la seva) inayoendesha makontena, hifadhidata ikisimamiwa na opereta (programu ya usimamizi ndani ya klasta) ya CloudNativePG, mradi ulioanzia kampuni ya EDB, ukafunguliwa kwa umma mwaka 2022 na kupokelewa CNCF, taasisi inayolea miradi huria kama Kubernetes, Januari 2025. Ya tatu ni vifurushi vya `apt` kwenye Debian au Ubuntu, bila kontena lolote. Mifano ni ya PostgreSQL 16, kwa mradi unaoitwa `duka`. Pale toleo la 18 linapobadilisha jambo, imetajwa.

## Vigezo

Kwanza ushahidi: baada ya kuanguka, kinabaki nini cha kusoma? Pili memori, kwa sababu ndiyo inayoua hifadhidata nyingi za kontena. Tatu faili za data: ziko wapi, ni za nani, na nini kinaweza kuzifunika au kuzifuta. Nne njia ya programu kuifikia hifadhidata. Tano kupandisha toleo. Sita kurejesha data.

Kasi haimo kwa makusudi. Kontena kwenye Linux hutumia kerneli ileile ya seva, na tofauti ya kasi inayotokana na kontena lenyewe huwa ndogo kuliko ile ya diski mbaya au faharasa (index) iliyokosekana.

## Ushahidi

Moja kwa moja kwenye seva. Hapa ushahidi haupotei kirahisi. Logi iko `/var/log/postgresql/postgresql-16-main.log`, na hifadhidata ikifa, faili linabaki. Mtego ni mmoja, na umewapotezea muda wengi: `systemctl status postgresql` huonyesha `active (exited)` hata kama hifadhidata imezima, maana hiyo ni huduma mwavuli tu. Huduma ya kweli ni `postgresql@16-main`. Amri ya `pg_lsclusters` ni bora zaidi. Inakupa kwa mstari mmoja toleo, poti, hali, folda ya data na faili la logi. Ukihitaji kuchimba zaidi, `strace`, `perf` na `gdb` ziko mkononi bila kuomba ruhusa ya ziada.

Compose. Logi ni mali ya kontena. `docker compose restart` haizigusi, lakini `docker compose down`, au `up` baada ya kuhariri faili la mipangilio, huunda kontena jipya, na logi za lile la zamani zinafutwa pamoja nalo. Watu wengi hufuta ushahidi kwa njia hii katika dakika ya kwanza ya kuhangaika. Kabla ya kugusa chochote:

```
docker logs --timestamps duka-db-1 > logi-kabla.txt 2>&1
docker inspect duka-db-1 > hali-kabla.json
```

Ndani ya faili la pili tafuta `ExitCode`, `OOMKilled` na `RestartCount`. Hii ya mwisho ni muhimu ukitumia `restart: always`, kwa kuwa kontena linaweza kufa na kufufuka usiku kucha huku `docker ps` ikionyesha tu kwamba liko hewani, sekunde nane. Ukitaka kuingia ndani kukagua faili bila PostgreSQL kuwaka, simamisha huduma kwanza, kisha:

```
docker compose stop db
docker compose run --rm --entrypoint bash db
```

Jambo jingine: kiandika-logi cha kawaida cha Docker, `json-file`, hakina kikomo cha ukubwa. Usipoweka `max-size: "10m"` na `max-file: "3"`, logi zenyewe ndizo zitakazojaza diski.

Kubernetes. Hapa kuna ushahidi mwingi zaidi, lakini maisha yake ni mafupi. `kubectl describe pod duka-1` inaeleza hali ya mwisho ya kontena na sababu ya kufa kwake. `kubectl logs duka-1 --previous` inatoa logi za kontena lililotangulia ndani ya podi hiyohiyo (podi ni kifurushi cha kontena moja au zaidi). Podi ikifutwa, logi zake zimekwenda. Matukio ya klasta, kwa mpangilio wa kawaida, huhifadhiwa saa moja tu, kwa hiyo tatizo la saa nane usiku utakalolikuta saa mbili asubuhi halitakuwa na tukio hata moja. Bila mfumo wa kukusanya logi nje ya klasta, Kubernetes inakunyima kile unachokihitaji zaidi.

Inachokulipa ni zana za opereta. `kubectl cnpg status duka` inaonyesha nani ni kiongozi (hifadhidata inayoandikwa), replika (nakala zake) ziko nyuma kiasi gani, na kama kumbukumbu za WAL (faili ambamo kila badiliko huandikwa kwanza) zinafika kwenye hifadhi ya nje. Pia kuna kutenga: `kubectl cnpg fencing on duka 2` huzima PostgreSQL kwenye podi hiyo lakini huiacha podi hai, ukaingia na kukagua faili kwa utulivu. Anayeendesha StatefulSet (njia ya Kubernetes yenyewe ya kuendesha podi zenye data) ya kawaida bila opereta hana nafasi hiyo. Podi iko kwenye `CrashLoopBackOff`, na kila ukijaribu kuingia inakufa mikononi mwako mpaka ubadilishe amri yake iwe `sleep infinity`.

## Memori

Sehemu hii tuikalie, maana ndiyo yenye utambuzi mwingi wa makosa.

Kontena likizima kwa namba 137, maana yake limeuawa kwa signali ya 9 (128 na 9). Hiyo peke yake haithibitishi kwamba memori iliisha. `docker stop` husubiri sekunde 10 kwa kawaida, kisha huua kwa signali hiyohiyo. Hifadhidata yenye mambo mengi ya kuandika inaweza isimalize kujifunga kwa muda huo. Weka `stop_grace_period: 2m` kwenye Compose ili kuondoa utata huo.

Uamuzi wa kweli uko kwenye logi ya kerneli ya seva. Endesha `dmesg -T | grep -i "out of memory"` nje ya kontena na usome mstari wenyewe. Ukiona `Memory cgroup out of memory` (cgroup ni utaratibu wa kerneli wa kuwekea kontena mipaka), kikomo ulichokiweka kwenye kontena ndicho kilichogongwa. Ukiona `Out of memory` bila neno `cgroup`, seva nzima iliishiwa, na huenda mwenye kosa ni programu nyingine kabisa. Dawa ya hali ya kwanza ni kupanga upya memori ya hifadhidata. Ya pili ni kumtafuta mlaji mwingine au kuongeza memori ya seva. Kuzichanganya ndiko kunakofanya mtu aongeze kikomo cha kontena mara tatu bila kupona.

Kosa la pili ni kupima memori kutoka ndani ya kontena. `free -h` humo huonyesha memori ya seva yote. Kikomo chako kiko hapa, kwenye seva za cgroup toleo la 2:

```
cat /sys/fs/cgroup/memory.max
cat /sys/fs/cgroup/memory.events
```

Faili la pili lina mstari wa `oom_kill`. Ukizidi sifuri, kuna mchakato ulishauawa humo.

Sasa hesabu. Tuseme kikomo ni GB 2. `shared_buffers` (memori ya pamoja ya PostgreSQL) kwa robo ya kikomo ni MB 512. Ukiweka `work_mem` (memori ya kila kazi ya kupanga data) kuwa MB 64 na una miunganisho 60, kila mmoja ukipanga data mara moja tu kwa wakati mmoja, hiyo ni MB 3,840. Umeshapita kikomo kabla ya kuhesabu kingine chochote. Tena tangu toleo la 15, `hash_mem_multiplier` ni 2.0 kwa kawaida, kwa hiyo jedwali la hashi linaweza kuchukua MB 128 peke yake. Kwa kontena la ukubwa huu, anza na `max_connections` 40 na `work_mem` MB 8, ukiongeza kwa kikao kimoja tu pale ripoti nzito inapohitaji. Programu ikitaka miunganisho mingi, weka PgBouncer (programu inayoigawia miunganisho michache ya hifadhidata) mbele.

Moja kwa moja kwenye seva, kifurushi cha Debian hulinda mchakato mkuu kwa `OOMScoreAdjust=-900`, kwa hiyo kerneli ikilazimika kuua, huua mchakato mdogo. Logi itasema `server process (PID ...) was terminated by signal 9: Killed`, PostgreSQL itakata miunganisho yote, itajirejesha na kuendelea. Programu zinaona kukatika kwa muda mfupi. Kwenye seva iliyotengwa kwa hifadhidata pekee unaweza pia kuweka `vm.overcommit_memory=2`, ili ombi la memori likataliwe mapema badala ya mchakato kuuawa baadaye.

Compose hufanana na hiyo: kerneli huua mchakato mmoja ndani ya kontena, na kontena mara nyingi hubaki limewaka. Ndiyo maana unaweza kuwa na vifo vya memori bila kontena kuanzishwa upya hata mara moja.

Kubernetes imebadilika. Kuanzia toleo la 1.28, kwenye cgroup toleo la 2, mchakato mmoja ukigonga kikomo, kontena zima huuawa kwa pamoja. Kwa PostgreSQL hiyo ni tofauti kubwa: hoja (query) moja mbovu inaangusha podi ya kiongozi, na opereta inaweza kuhamishia uongozi kwa replika. Ukikuta uongozi unahamahama bila sababu, angalia `OOMKilled` kwenye podi kabla ya kulaumu mtandao.

Kuna hitilafu ya memori ambayo hujitambulisha kama ya diski: `could not resize shared memory segment ... No space left on device`, huku `df -h` ikionyesha diski tupu. Hiyo ni `/dev/shm`, ambayo Docker huipa MB 64. Hoja zinazoendeshwa sambamba hupitishia data humo. Kwenye Compose weka `shm_size: 256mb`. Kwenye Kubernetes bila opereta, pachika `emptyDir` yenye `medium: Memory` kwenye `/dev/shm`, ukikumbuka kwamba kinachotumika humo huhesabiwa kwenye kikomo cha kontena. Ukihitaji nafuu ya haraka usiku huo, `SET max_parallel_workers_per_gather = 0;` itaipitisha ripoti iliyokwama. Kwenye seva ya kawaida tatizo hili ni adimu.

## Faili za data

Compose ndiyo yenye njia nyingi zaidi za kuonyesha hifadhidata tupu wakati data yako iko salama pembeni. Kabla ya kuamini kwamba data imepotea, pitia sababu hizi.

Jina la folda ya mradi ndilo mwanzo wa jina la volyumu (eneo ambamo Docker huhifadhi data). Ukibadilisha folda kutoka `duka` kuwa `duka-jipya`, volyumu `duka_pgdata` inaachwa na `duka-jipya_pgdata` inaundwa ikiwa tupu. `docker volume ls` itakuonyesha zote mbili. Kinga ni kuandika `name: duka` juu kabisa ya faili la Compose.

Sababu nyingine ni njia ya kupachika. Kwa matoleo hadi 17, imeji inataka `/var/lib/postgresql/data`. Ukipachika volyumu yako kwenye `/var/lib/postgresql`, data inaangukia volyumu isiyo na jina, na baada ya `down` na `up` kontena jipya haliijui tena. Bado ipo, ikiwa na jina refu la herufi na tarakimu 64. Toleo la 18 limegeuza utaratibu: sasa unapachika `/var/lib/postgresql`, na data inakaa ndani yake kwenye `18/docker`. Faili la zamani la Compose lililobadilishwa namba tu halitafanya kazi.

Ya tatu huwapata wenye diski ya nje kwenye seva ya ofisini. Umeme ukikatika na kurudi, Docker ikawaka kabla diski haijapachikwa, huikuta njia haipo, huunda folda tupu, na imeji huanzisha hifadhidata mpya juu yake. Andika upachikaji kwa mtindo mrefu wa `type: bind` pamoja na `create_host_path: false`, ukielekeza kwenye folda iliyo ndani ya diski hiyo. Diski ikikosekana, kontena litagoma kuwaka, na hicho ndicho unachokitaka.

Halafu kuna ufutaji wa kweli: `docker compose down -v`. Ile `-v` hufuta volyumu bila kuuliza.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kuwasha makontena mawili juu ya folda moja ya data. Kwenye seva ya kawaida, PostgreSQL hujikinga kwa faili la `postmaster.pid`: hutazama kama mchakato wenye namba hiyo bado uko hai. Ndani ya kontena, mchakato mkuu kwa kawaida ni namba 1. Kontena la pili linasoma 1, linajiona lenyewe, linaliona faili kama mabaki na kuendelea. Ukaguzi wa pili, ule wa memori ya pamoja, nao haufanyi kazi kwa kuwa kila kontena lina nafasi yake. Matokeo ni data iliyoharibika vibaya. Kwa sababu hiyohiyo, usifute `postmaster.pid` kwa mkono kabla ya kuhakikisha kwa `docker ps` kwamba hakuna kontena jingine linalotumia volyumu hiyo.

Kubernetes huondoa mengi ya hayo na kuleta yake. `ReadWriteOnce` huzuia nodi mbili kushika diski moja, lakini podi mbili kwenye nodi ileile zinaruhusiwa. `ReadWriteOncePod` ndiyo inayofunga kabisa. CloudNativePG huipa kila podi diski yake, kwa hiyo mgongano huo hauzuki. Utakachokutana nacho ni ombi la diski kubaki `Pending` kwa kukosa StorageClass (aina ya diski iliyosajiliwa kwenye klasta), au `Multi-Attach error` nodi ya zamani inapokuwa haijaachia diski. Ukitumia imeji rasmi bila opereta, diski mpya ya ext4 huja na folda ya `lost+found` na `initdb` (amri inayoanzisha folda ya data) hukataa. Elekeza `PGDATA` kwenye folda ndogo ya ndani. Diski inaweza kuongezwa ukubwa kama StorageClass ina `allowVolumeExpansion: true`, ila haiwezi kupunguzwa.

Moja kwa moja kwenye seva hakuna fumbo: `/var/lib/postgresql/16/main`, mmiliki `postgres`, ruhusa 0700 au 0750. Hitilafu nyingi za hapa ni za mtu aliyeendesha `chown -R` au `chmod -R` kwenye folda isiyo yake.

Diski ikijaa, njia zote tatu huishia mahali pamoja: `PANIC: could not write to file "pg_wal/..."`. Usifute kitu ndani ya `pg_wal`. Ongeza nafasi, au hamisha faili zisizo za hifadhidata, kisha washa na utafute kinachoshikilia WAL:

```
SELECT slot_name, active, restart_lsn FROM pg_replication_slots;
SELECT failed_count, last_failed_wal, last_failed_time FROM pg_stat_archiver;
```

Sloti (alama inayozuia WAL isifutwe mpaka replika iisome) isiyo hai ya replika iliyoondolewa zamani ndiyo sababu ya kawaida. Ifute kwa `pg_drop_replication_slot`, na weka `max_slot_wal_keep_size` isijirudie.

Baada ya kuwasha utaona `automatic recovery in progress`. Iache imalize. Kila ukiikatiza inaanza tena kutoka checkpoint ya mwisho, yaani pale data ilipohakikishwa imeandikwa diskini. Kwenye StatefulSet ya mkono, ukaguzi wa uhai wenye muda mfupi huikatiza kila mara, na podi haiponi kamwe. Weka `startupProbe` yenye subira.

## Njia ya kuifikia

Kwenye Compose, programu iliyo ndani ya kontena lake haiipati hifadhidata kwa `localhost`. Hutumia jina la huduma, yaani `db`. Nywila nayo husumbua: `POSTGRES_PASSWORD` husomwa mara moja tu, folda ya data ikiwa tupu. Kuibadilisha baadaye kwenye faili hakubadilishi kitu. Ingia na utumie `ALTER ROLE`. Ukaguzi wa afya uandike `pg_isready -h 127.0.0.1`, kwa sababu wakati wa kuanzisha, imeji huwasha seva ya muda inayosikiliza soketi ya ndani tu, na `pg_isready` bila `-h` itadanganya kwamba mambo tayari. Kubwa zaidi ni usalama: `ports: "5432:5432"` hupita juu ya sheria za `ufw` na kuianika hifadhidata kwenye intaneti. Andika `"127.0.0.1:5432:5432"`.

Kwenye seva, faili ni mbili: `listen_addresses` ndani ya `postgresql.conf`, na `pg_hba.conf`. Kwenye CloudNativePG kuna huduma tatu, na programu inayoandika lazima itumie ile ya `duka-rw`. Ukipata `cannot execute INSERT in a read-only transaction`, umeelekeza kwenye `-ro` au `-r`.

## Kupandisha toleo

Toleo dogo, mfano 16.3 kwenda 16.4, ni jepesi kote. Toleo kubwa sivyo.

Mwenye Compose aliyeandika `postgres:latest` atakutana nalo bila kutaka. Kontena litagoma kuwaka, na kwa imeji za hadi toleo la 17 ujumbe huwa: `The data directory was initialized by PostgreSQL version 16, which is not compatible with this version`. Data haijaguswa, rudisha lebo ya zamani na itawaka. Kisha pandisha kwa utaratibu: `docker compose exec -T db pg_dumpall -U postgres > yote.sql`, volyumu mpya, imeji mpya, rudisha kwa `psql`. Ile `-T` isisahaulike, inazuia terminali kuchafua faili. Kwa hifadhidata ya mamia ya GB njia hii ni ndefu mno.

Kwenye Debian, `pg_upgradecluster -m upgrade 16 main` hufanya kazi hiyo na kuiacha klasta ya zamani (hapa klasta ni seti moja ya data ya PostgreSQL kwenye seva) mahali pake. Kusakinisha toleo la 17 huunda klasta tupu ya `17/main` unayopaswa kuiondoa kwanza kwa `pg_dropcluster --stop 17 main`. Soma namba mara mbili kabla ya kubonyeza. CloudNativePG, kuanzia toleo la 1.26, hupandisha toleo kubwa kwa kubadilisha jina la imeji, ikiizima klasta kwa muda wa kazi hiyo.

Hatari isiyopiga kelele ni mpangilio wa herufi. Faharasa za maandishi hutegemea glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, iliyo ndani ya imeji. Debian 12 ina glibc 2.36, Debian 13 ina 2.41, na lebo ya `postgres:16` peke yake haikuahidi Debian ipi. Ukiona onyo la `collation version mismatch`, fanya `REINDEX DATABASE` kwanza, ndipo `ALTER DATABASE duka REFRESH COLLATION VERSION`. Ukigeuza mpangilio huo, unazima kengele moto ukiwa bado unawaka. Andika lebo kamili, mfano `postgres:16-bookworm`, na usihame kutoka Debian kwenda Alpine juu ya data ileile: Alpine hutumia musl badala ya glibc, yenye mpangilio mwingine, na mmiliki wa faili hubadilika kutoka namba 999 kwenda 70. Aliye kwenye seva moja kwa moja hukutana na jambo hilohilo anapopandisha mfumo mzima wa Debian.

## Kurejesha

Kwenye Compose na kwenye seva, bekapu ni jukumu lako: `pg_dump -Fc` kwa cron kwa hifadhidata ndogo, na kwa kubwa Barman au `pg_basebackup` pamoja na WAL. Seva ina unafuu, kwa kuwa zana hizi ziliandikwa zikiitarajia. Kunakili volyumu ya Docker kwa `cp` au `tar` huku PostgreSQL inawaka si bekapu, hata faili likionekana zima.

CloudNativePG inaongoza hapa. Hutuma WAL kwenye hifadhi ya vitu kama S3, na urejeshaji hadi dakika fulani huandikwa kama klasta mpya, ya zamani ikiachwa bila kuguswa. Ila ni lazima hifadhi hiyo iwe nje ya klasta unayoilinda.

## Kwa hali yako

Mfumo mmoja wa duka, shule au chama cha kuweka na kukopa, seva moja, na msimamizi anayeijua Linux vizuri kuliko makontena: vifurushi vya `apt` vitakupa ushahidi ulio wazi na hitilafu chache za kushangaza. Hata programu nyingine zikiwa kwenye Docker, hakuna kinacholazimisha hifadhidata izifuate.

Timu ndogo inayotaka mazingira ya majaribio yafanane na ya kazi, au VPS moja yenye miradi kadhaa inayohitaji matoleo tofauti ya PostgreSQL: Compose inafaa, kwa sharti la kuweka mambo sita tangu siku ya kwanza. Lebo kamili, jina la mradi, kikomo cha memori, `shm_size`, kikomo cha logi, na poti iliyofungwa kwa 127.0.0.1.

Taasisi isiyoweza kuvumilia kuzima kwa hifadhidata, yenye nodi tatu au zaidi na watu angalau wawili wanaoweza kusoma `kubectl describe` bila msaada: CloudNativePG italipa gharama yake. Ikiwa mtu huyo ni mmoja tu na yuko likizo, ahadi ya kuhamisha uongozi peke yake haitoshi. Na kama una Kubernetes lakini hutaki opereta, weka programu kwenye klasta na uiache hifadhidata kwenye seva yake. StatefulSet iliyoandikwa kwa mkono inakupa mitego ya pande zote mbili.

Aliyekwisha kuchagua na sasa anataka kuhama, aanze na zoezi moja kabla ya kuhamisha chochote: chukua bekapu ya jana, irejeshe kwenye mazingira mapya, pima muda uliotumika, kisha liue kontena au podi kwa makusudi na uone kama logi unazozipata zinatosha kueleza kilichotokea. Zisipotosha, rekebisha logi kwanza, data ibaki ilipo.